Ngoma Iliyozuiwa

Wako wanaosema kwamba kanivali ya Trinidad ililetwa na Wafaransa, basi. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya habari. Hapana shaka kwamba walowezi wa Kifaransa, waliohamia kisiwani kwa wingi baada ya 1783, walivaa vinyago na kucheza dansi majumbani mwao kabla ya Kwaresima. Lakini watumwa wao hawakualikwa. Uhuru ulipokamilika mwaka 1838, hao waliingia barabarani na mienge na ngoma, wakiigiza jinsi walivyoswagwa usiku kwenda kuzima moto mashambani. Waliiita Canboulay, yaani miwa inayoungua.

Mwaka 1881 polisi walitaka kuwazuia, wakapigana mjini Port of Spain. Mwaka 1884 serikali ya kikoloni ikapiga marufuku ngoma na mienge. Watu wakakata mianzi, wakaitwanga ardhini. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa wakipata muziki mtamu katika mapipa ya mafuta. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliyatengea mapipa hayo siku yake, 11 Agosti.

Kwangu mimi, uzuri wa kanivali umo humo, si katika manyoya na shanga.

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwahi kuwanyang'anya wanachuo ngoma, nikidhani nalinda nidhamu. Jioni ile ile wakapiga ndoo na meza za bwalo. Niliwaadhibu. Leo ningekaa nisikilize.