Santuri ya mono katika sebule ya Mbeya

Sebule nyingi za Mbeya na Iringa hupangwa kwa ajili ya wageni, si kwa ajili ya muziki. Makochi yanafuata kuta, meza iko katikati, na spika zinawekwa palipobaki nafasi: moja juu ya kabati la vyombo, nyingine karibu na mlango wa kuelekea jikoni. Stirio haikutengenezewa mpangilio huo. Inataka mtu mmoja aketi kwenye ncha ya pembetatu, spika mbili zikimtazama kwa umbali sawa. Mtu wa namna hiyo, iwe Forest ya Mbeya au Gangilonga ya Iringa, mimi sijamkuta.

Chukua Rubber Soul ya The Beatles ya mwaka 1965 katika toleo lake la stirio la wakati ule. Waimbaji wamesukumwa upande wa kulia, ala nyingi upande wa kushoto. Mgeni aliye karibu na kabati anapata besi na ngoma. Aliye karibu na mlango anapata waimbaji, kama kwaya iliyokimbiwa na wapigaji wake. Ndiyo maana nasema santuri za mono, yaani zenye sauti ile ile kwa kila spika, zinazotolewa upya zinazifaa nyumba zetu kuliko zile za stirio. Sharti ni kwamba vyombo vyote, kuanzia sindano hadi spika, vifanye kazi kwa mono. Wengi wanaishia kununua sahani tu, halafu wanashangaa mbona inakwaruza kuliko walivyoahidiwa.

Tuanze na jinsi zilivyotengenezwa. Septemba 2014 albamu za mono za The Beatles zilitolewa upya katika kisanduku cha santuri 14, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 180. Kazi iliongozwa na Sean Magee na Steve Berkowitz katika studio za Abbey Road, London. Walirudi kwenye tepu zenyewe za miaka ya 1960, wakazicheza kwenye mashine ya Studer A80, na sauti ikaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kukatia santuri ya Neumann VMS80 bila kugeuzwa kuwa dijitali mahali popote njiani. Walikuwa pia na maandishi ya mafundi mitambo waliokata santuri za kwanza, yakionyesha wapi besi iliongezwa na wapi sauti ilipunguzwa. Kisanduku cha stirio kilichotoka 2012 kilikatwa kutoka kwenye nakala za dijitali, na wapenzi wa santuri walinung’unika sana. Hiki cha 2014 kilikuwa namna ya kuwatuliza.

Binafsi, habari ya dijitali na tepu hainikoseshi usingizi. Kinachostahili fedha yako ni miksi. Mwaka 1967, wakati Sgt. Pepper’s Lonely Hearts Club Band inatengenezwa, redio na gramafoni nyingi za Uingereza zilikuwa za spika moja. Kwa hiyo miksi ya mono ndiyo iliyopewa muda, wanamuziki wenyewe wakiwepo. Ya stirio, mtayarishaji George Martin na mafundi wake waliimaliza haraka baadaye, bendi ikiwa haipo. Tofauti zinasikika bila kutafuta. “She’s Leaving Home” katika mono inakwenda kasi zaidi na iko juu kidogo kwa sauti; ukirudi kwenye stirio unaona wimbo unajikokota. “Helter Skelter” ya mwaka 1968 katika mono inakwisha mapema, na ile kelele maarufu ya Ringo Starr ya mwishoni haimo kabisa. Hizo ni rekodi mbili zilizotokana na kazi moja, na mwaka uliofuata mlango ukafungwa: Abbey Road ya 1969 ilichanganywa kwa stirio peke yake.

Sasa twende kwenye mfereji wa santuri, maana hapa ndipo watu wanapopoteza nusu ya faida. Katika sahani ya mono, muziki wote umo kwenye mtikisiko wa kushoto na kulia. Stirio, kwa utaratibu wa Westrex ulioingia sokoni mwaka 1958, inatumia kuta mbili za mfereji zilizoinama nyuzi 45, kila ukuta ukibeba chaneli yake. Tofauti kati ya chaneli hizo ndiyo inayoifanya sindano ipande na kushuka. Maana yake, ukiwa na sahani ya mono, chochote kinachoinua au kuteremsha sindano si muziki. Ni vumbi, ni sahani iliyopinda, ni mtetemo wa mota. Katriji ya stirio, ile inayobeba sindano, haijui hilo. Inasoma kila kitu na kukipeleka kwenye spika kwa uaminifu mkubwa.

Dawa yake ni kitufe cha mono. Amplifaya za Kijapani za miaka ya 1970 karibu zote zinacho. Kwenye mpya nyingi kimeondolewa. Ukikibonyeza, chaneli mbili zinajumlishwa: mtikisiko wa pembeni unaimarika, wa juu na chini unajifuta. Kwa kelele ya vumbi inayotokea kila ukuta kivyake, nusu ya nguvu yake inaondoka. Asiye na kitufe atafute waya wa kuunganisha njia mbili kuwa moja, kisha moja kuwa mbili tena, auweke kati ya pleya na amplifaya.

Anayetaka kusikia anachokitupa afanye jaribio hili. Kwenye kichwa cha pleya kuna waya nne nyembamba zinazoingia kwenye katriji. Badilishanisha mbili za chaneli moja, ile chanya ikae pa hasi, kisha bonyeza mono na ucheze sahani ya mono. Muziki karibu wote utapotea. Kitakachobaki ni mchakacho, mipasuko na mngurumo, yaani takataka ile ile uliyokuwa ukiisikiliza pamoja na gitaa. Usisahau kuzirudisha waya mahali pake.

Kuhusu sindano, sahani za mono za leo zinakatwa kwa vyombo vya stirio, kwa hiyo sindano ya kawaida yenye ncha ya duara ya maikroni 18 inatosha. Ile pana ya maikroni 25 ina maana zaidi kwa santuri za zamani, kwa sababu inakaa juu zaidi kwenye ukuta wa mfereji, kama zilivyokaa sindano za miaka hiyo. Kichwa kizito cha redio gramu ya marehemu babu kisiguse sahani mpya. Hakijui kupanda na kushuka, na stirio kinaichimba.

Nyanda za Juu zina mambo yake. Kuanzia Juni hadi Agosti hewa ni baridi na kavu, upepo wa Iringa unabeba vumbi hadi ndani ya kava, na sahani ikitolewa kwenye mfuko inajaa umeme tuli unaovuta kila unyoya. Mfuko wa karatasi unaongeza tatizo; wa plastiki laini ni bora. Osha kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya betri za gari, ila soma chupa kwanza, maana asidi hukaa rafu hiyo hiyo.

Kuna pia mtego wa pleya zinazotoka Marekani. Zile za zamani zenye mota inayofuata mapigo ya umeme zilitengenezewa mapigo 60 kwa sekunde. Yetu ni 50. Transfoma inashusha volti tu, mapigo haiyagusi. Santuri ya mizunguko 33⅓ itazunguka kama 27.8 kwa dakika, na mwimbaji atashuka nusu-toni tatu hivi. Kwenye baadhi ya pleya unabadilisha kapi dogo la mota na kazi imekwisha. Zenye mota ya umeme wa DC, kama wa betri, hazina shida hiyo.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba vyombo vikishapangwa hivi, santuri za kwetu nazo zinapona. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe zilizotolewa Nairobi kwenye sahani ndogo za mizunguko 45 zimepigwa vya kutosha kwenye mabaa na majumbani, na kitufe cha mono kinazisafisha kuliko kinavyoisafisha The Beatles mpya, kwa kuwa zina uchafu mwingi zaidi wa kuondoa. Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi pale Iringa, ilikuja miaka ya 1980 wakati kaseti ilishaanza kuisukuma santuri kando. Waimbaji wake, Kasaloo Kyanga na pacha wake Kyanga Songa, tuliwasikia kupitia redio, spika moja, na hakuna aliyelalamika kwamba magitaa hayakutawanyika.

Ng’ambo ya Tunduma kuna ushahidi mwingine kwamba miksi ndiyo kila kitu. Bendi ya Amanaz ya Zambia ilirekodi albamu ya Africa mwaka 1975, na miksi zake zikawa mbili: moja kavu, nyingine yenye mwangwi mzito. Kampuni ya Now-Again ya Marekani imezitoa upya zote mbili. Wapigaji ni wale wale, lakini ile kavu inawaleta hadi kwenye meza ya chai, na mimi ndiyo ninayoichagua.

Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, usiulize kama kava limeandikwa mono. Uliza kama kulikuwa na miksi ya mono. Yellow Submarine ya mwaka 1969 iliuzwa Uingereza kwa mono, lakini ilikuwa stirio iliyojumlishwa tu, na ndiyo sababu kisanduku cha 2014 hakina albamu hiyo; nyimbo zake mpya, katika miksi halisi za mono, zimewekwa kwenye mkusanyiko wa Mono Masters. Sahani ya kujumlishwa iache dukani. Ukiwa na ile ya stirio, kitufe cha amplifaya kinakupa kitu kile kile bure.