Kujua cha Kusahau

Lori la vitunguu linapoondoka Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, dereva hajui uzito wa mzigo wake. Ameona magunia yakipakiwa, ameona springi zikilala, basi. Uzito wenyewe ataambiwa na injini, kwenye mlima wa kwanza wa kuelekea Karatu.

Tatizo ni kwamba injini hulalamika kwa sauti ileile kwa mambo mawili. Mzigo ukizidi, gari hupungua mwendo. Mlima ukizidi, hupungua vilevile. Aliyeshika usukani lazima ayatenganishe mapema, kwa sababu akichelewa kupunguza gia, lori lililojaa litamfia kwenye kona.

Mwaka 2005 Ardalan Vahidi, Anna Stefanopoulou na Huei Peng walichapisha huko ng'ambo njia ya kuyatenganisha kwa hesabu. Kompyuta ya lori hukadiria uzito na mwinuko kwa pamoja, gari likiwa mwendoni, lakini kila kimoja hupewa kasi yake ya kusahau. Magunia hayapungui njiani, kwa hiyo vipimo vya nyuma vya uzito hutunzwa. Mwinuko hubadilika kila hatua, kwa hiyo vipimo vyake hutupwa upesi. Niliposoma hayo niliwaona madereva wa kwetu Daa, wilayani Karatu, ambao mikono yao inaijua siri hiyo tangu zamani.

Wakati wa masika utawaona vizuri zaidi. Udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni, na ushikaji wa tairi uliokuwepo kwenye jua haupo tena penye kivuli cha miti. Dereva hodari huigusa breki kidogo palipo tambarare, kabla hajaihitaji, asikie tairi linajibu nini. Kompyuta nayo ni hivyohivyo: gari lisipoongeza wala kupunguza mwendo, haina cha kujifunza. Kisha jibu hilo la tairi dereva huliacha palepale. Kwenye barabara ya Seneto, inayoteremka hadi sakafu ya kreta ya Ngorongoro, anayeliamini jibu la kona iliyopita yuko hatarini.

Pale Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, lami ilipokuwa ikiishia, niliwahi kumwona mzee mmoja akishuka kwenye gari asubuhi ya ukungu. Aliukanyaga udongo kwa kisigino, akakizungusha, akatazama alama iliyobaki. Akarudi ndani, akaweka foo-wili, ndipo akaondoka.