Tovuti inayoishia kwenye simu ya muuza mbao

Mradi wa TANZICT, ushirikiano wa serikali za Tanzania na Finland ulioanza mwaka 2011, uliwasaidia vijana wa mikoani kuanzisha vituo vya ubunifu, vikiwemo vya Iringa na Mbeya. Leo vijana wanaojua kutengeneza tovuti hawakosekani Nyanda za Juu Kusini. Kinachohitaji kuangaliwa kwa makini ni jinsi tovuti ya mfanyabiashara mdogo inavyotengenezwa hadi imlete mteja.

Tuchukue muuza mbao wa Mafinga, jirani na msitu wa Sao Hill. Mteja wake anajenga Dar es Salaam na hajui hata jina la duka. Akiingia Google anaandika "bei ya mbao Mafinga" au "2x4 za dawa". Fundi makini wa tovuti anayaweka maneno hayohayo kwenye kichwa cha ukurasa, pale ambapo wengi huandika "Karibu". Bei nazo anaziandika kwa maandishi ya kawaida, kila saizi na urefu wake. Bango la picha lililojaa bei linapendeza, lakini bei ikipanda mwenye duka hawezi kuibadilisha mpaka amtafute aliyelitengeneza.

Halafu picha. Picha moja ya simu inaweza kufika megabaiti 4. Kumi ni 40, na hilo ni bando la mtu. Zikipunguzwa upana hadi pikseli 1,200 na kubanwa, kila moja inaweza kubaki na kilobaiti 200 hivi, na zote kumi hazizidi megabaiti 2. Mbao bado zinaonekana vizuri, hata vifundo vyake.

Jambo ambalo nalisisitiza kuliko yote ni umiliki wa anwani. Jina la .co.tz huandikishwa kupitia wakala na kulipiwa ada ili liendelee kuwa hewani. Fundi akiliandikisha kwa jina lake na barua pepe yake, siku wakikosana muuza mbao anapoteza anwani aliyokwisha kuichapa kwenye risiti na ubavuni mwa fuso. Huo ni mtaji wa mtu. Liandikishwe kwa jina la biashara, na nywila akae nayo mwenye biashara.

Fomu ya kujaza na kikapu cha manunuzi mtandaoni ningeviacha kabisa kwa duka la namna hii. Mnunuzi wa mbao anataka kuongea, kupatana bei na kuulizia lori. Kitufe cha WhatsApp kinatosha, ila kina mtego wake: kiungo cha wa.me kinataka namba ianze na 255, bila sifuri na bila alama ya kujumlisha. Ukiandika 07, mteja anabonyeza na hafiki popote. Kiungo hichohicho kinaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari: "Habari, nimeona tovuti yenu, naulizia mbao." Anayeuza mchele wa Kyela pale Mbeya mjini anabadilisha neno moja tu.

Sentensi hiyo ndiyo inayompa mwenye duka hesabu. Mwisho wa mwezi anapekua simu, anaona meseji ngapi zimeanza hivyo na ngapi zimezaa mzigo, kisha anapiga hesabu kama faida yake inalipa ada ya mwaka unaofuata.