Koja Hutungwa Kabla Ua Halijafunguka

Asumini haichumwi ikiwa imeshachanua. Anayengoja ua lifunguke ndipo alichume amechelewa: usiku litanukia, kweli, lakini kesho yake litakuwa limeanza kupiga rangi ya zambarau pembezoni na kudondoka lenyewe chini ya mti. Wapambaji wa Unguja huchuma tumba wakati wa alasiri, likiwa limeshanenepa na kuwa jeupe lote ila ncha bado imefumba, na hulitunga vivyo hivyo. Koja likimfikia bibi harusi, magharibi imeshaingia na maua yanafunguka moja baada ya jingine juu ya nywele zake. Aliyelitunga muda huo yuko kwake, anaosha vyombo.

Kazi hii nimeitazama kwa miaka uani kwa mama mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja. Ni mpambaji: husinga mabibi harusi, huchora hina, hutunga makoja na vikuba. Bustani yake ukiiona hutaona cha kupigia picha. Iko nyuma ya jiko, baina ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo: vichaka vya asumini, mrehani uliopandwa kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, mhina uliojibanza ukutani, mwaridi mmoja wenye kiburi, na mlangilangi unaokatwa kichwa kila mwaka usije ukamharibia jirani bati lake. Nakshi zake zote zinatoka humo.

Kutunga koja huonekana kazi ya mtoto. Uzi wa pamba, sindano nyembamba, matumba ndani ya ungo uliofunikwa kitambaa chenye majimaji, basi. Lakini tazama vidole vyake. Kabla ya kuchoma, hulizungusha tumba mara moja baina ya kidole gumba na cha shahada, na papo hapo hukata shauri: hili liende, hili liwekwe kando. La kuwekwa kando ni lile lililolegea kidogo karibu na ncha, kwa sababu litawatangulia wenzake kufunguka, na usiku wa manane, wengine wakiwa ndio kwanza wamenawiri, lenyewe litakuwa limesinyaa. Sindano haipiti kwenye tumba lenyewe. Hupita shingoni, pale mrija mwembamba unapokutana na petali. Ikipanda juu kidogo, ua litabaki limefumba kama ngumi. Ikishuka, litaning'inia upande.

Hulaza tumba moja ncha kulia na la pili ncha kushoto, na baina yao huacha nafasi. Nafasi hiyo ndiyo inayonishangaza mpaka leo. Koja likiwa bado mkononi mwake huonekana limepwaya, na asiyejua angesema mama huyu ana ubahili wa maua. Kumbe ameshapima upana wa ua lililofunguka, ua ambalo hapo halipo. Likijaa mapema mno, usiku petali zitasukumana na kukunjana.

Hina nayo ina tabia hiyo hiyo. Majani ya mhina huyachuma kiangazi, jua linapokuwa kali na rangi imejaa jani, akayaanika kivulini, akayatwanga na kuyachekecha kwa kitambaa chepesi mpaka unga unakuwa laini kama wanja. Kisha hukanda kwa maji ya ndimu na kuuacha mchanganyiko utulie hadi utoe rangi. Kinachopakwa mkononi ni tope la kijani lisilopendeza hata kidogo. Likikauka na kubanduliwa, linaacha rangi ya chungwa, na bibi harusi asiyejua huanza kununa. Rangi yenyewe hukolea taratibu kwa siku moja hadi mbili, ikaelekea wekundu wa udongo, na hukolea zaidi viganjani na nyayoni ambako ngozi ni nene. Kwa hiyo hina haichorwi asubuhi ya harusi, na mchoraji huchora kwa rangi moja akiwa kichwani anaona nyingine.

Piko halina subira hiyo. Weusi wake hutoka upesi, na wengi hulipendea hapo. Lakini dawa ya kutia nywele weusi inayochanganywa humo imeshawaunguza ngozi na kuwaachia makovu wanawake wengi, huku kwetu na kwingineko. Uani kwa mama huyu haliingii, hata mteja aongeze pesa.

Siku moja nilimuuliza michoro anaitoa wapi.

“Shikamoo mama,” nilianza, maana maswali ya kipuuzi yanataka adabu.

“Marahaba mwanangu. Naitoa wapi tena? Hiyo miti umekaa nayo hapo tangu asubuhi, huioni?”

Nilikuwa naiona, ila sikuwa naitazama. Chukua mrehani. Majani yake hutoka mawili mawili, yakielekeana, na kila jozi hukaa msalaba na jozi iliyo chini yake. Ukiutazama kwa mbele, jozi moja huonyesha mapana yake yote na inayofuata huonyesha wembamba tu, kwa kuwa majani yake moja linakujia na jingine linakwenda nyuma. Watu wengi wakichora tawi huchora majani yote mapana, ngazi ya kwanza hadi ya mwisho, na mchoro unalala. Yeye huchora jozi pana, kisha jozi nyembamba, kisha pana. Juu ya kiganja kilicho bapa tawi linazunguka.

Mlangilangi ndio chuo chake kikubwa. Ua lake huzaliwa kijani, fupi, limejificha ndani ya majani hata jicho lisilozoea haliligundui. Linakua likining'inia, petali zake sita zinarefuka na kujisokota kidogo, linatoka kijani linakuja manjano, na likifika manjano iliyoiva ndipo harufu yake inapokamilika. Jirani zetu wa Komoro wanalijua hili vizuri, kwani nchi yao imejijengea jina kwa mafuta ya langilangi, na huchuma alfajiri harufu ikiwa bado nzito. Yeye hahitaji mafuta, anahitaji umbo. Bibi harusi mwenye vidole virefu huchorewa langilangi lililoiva, petali zikishuka kutoka kwenye fundo la kidole hadi karibu na ukucha. Mwenye vidole vifupi hupewa lile changa, lililojikunja, likakaa juu ya fundo tu na kukiachia kidole ngozi yake. Sijawahi kumwona akipima kwa rula wala kwa kitu kingine. Hushika mkono wa mtu, akaugeuza, akaangalia dirishani kidogo, akaanza.

Asumini iliyochanua haichori kabisa. Husema ikishachanua ni duara tu, haina neno. Huchora tumba, na kikonyo chake, na chipukizi linalolibeba. Nadhani hapa ndipo anapowazidi wengi. Nawaheshimu mafundi wa milango ya Mji Mkongwe, na nikipita chini ya mawaridi na mayungiyungi waliyoyachonga huinua macho kila mara. Lakini ua la mlangoni ni lile lile kaskazi na masika, limefunguka moja kwa moja, na mti hubaki mti. Michoro ya hina hufutika baada ya wiki mbili hivi, na pengine ndiyo sababu ya kuthubutu kuchora kitu ambacho bado kiko njiani.

Majira yanaubadilisha mkono wake. Kupogoa hufanyika kipupwe kinapoelekea kuisha, kwa sababu asumini huzaa kwenye ncha za machipukizi mapya. Kichaka kisichokatwa huota miguu mirefu na kutoa maua machache kileleni. Mvua za vuli zikija, machipukizi yanakimbia. Kaskazi inapoleta joto, Disemba hadi Machi, na ndoo za maji zisipokosekana, matumba huwa mengi kiasi cha kumgawia kila anayepita. Michoro ya wakati huo hujaa, haiachi ngozi. Masika huyalowesha matumba yakapata madoa ya kahawia, lakini mrehani hupanua majani, na mikono ya mabibi harusi wa Aprili hujaa majani kuliko maua.

Kisha hushika upepo wa kusi na baridi ya kipupwe, na bustani inakuwa na mkono wa birika. Huo ndio msimu anaochora zaidi kwenye daftari la shule, kwa kalamu ya risasi, vijiti vitupu na mikunjo ya matawi. Michoro yake ya kipupwe ndiyo ninayoipenda kupita yote: mstari mmoja mwembamba unaopanda kutoka kifundo cha mkono, unatoa tumba moja, unakaa kimya mpaka mzizi wa kidole, unatoa jingine. Wateja hawaipendi sana. Wanaona hawajapata haki ya pesa yao.

Lakini majira ya bustani si majira ya harusi. Harusi nyingi za Waislamu wa pwani hufanyika kabla ya Ramadhani na baada ya sikukuu, na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi kuliko mwaka wa jua. Mwaka 2015 Ramadhani ilianza katikati ya Juni, kwa hiyo harusi za Shaabani ziliangukia mwisho wa masika, asumini zikiwa hoi. Mwaka 2025 Shaabani ilikuwa Februari, kaskazi tupu, na maua yalikuwa ya kumwaga. Mzunguko mzima huchukua takriban miaka 33. Mpambaji aliyeanza akiwa msichana na leo ana wajukuu amepamba harusi za Shaabani katika kila hali ya hewa iliyopo. Amelazimika kujua koja la mwezi wenye neema na kikuba cha mwezi wa dhiki, ambapo mkadi na mrehani ndio hubeba harufu na asumini huingia mbili tatu kwa heshima tu.

Siku hizi wasichana huja na simu, picha kutoka India au Dubai, michoro iliyosokotana mpaka kiwikoni. Mama huyu hawafokei. Huivuta picha kwa vidole viwili, akaitazama kwa makini kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, na huuliza, “Hili ua la mti gani, mwanangu?” Kwa kawaida msichana hajui. Basi huchukua mpango wa picha, mizani yake na mipaka yake, akautilia maua ya uani. Sijasikia aliyelalamika.

Asumini hii ni nadra kuzaa mbegu. Karibu kila kichaka ni tawi la kichaka kingine, lililokatwa na mtu akampa mtu. Ufilipino na Indonesia zimeifanya ua la taifa; kichaka cha mama huyu kilitoka kwa mavyaa wake. Msichana anayekuja kutaka kujifunza hapewi koni ya hina. Hupewa kipande cha tawi chenye vifundo vitatu, huelezwa ayaondoe majani ya chini na akichomeke kivulini, na huambiwa arudi kikishatoa matumba. Wengi hawarudi. Anayerudi huanzia sindanoni, na hina huja baadaye sana. Aliyepo sasa anakuja tangu vuli. Makoja yake yameshakubalika, lakini kwenye daftari bado yuko kwenye mrehani, na jozi ya pili anaichora pana mno.