Mwanachuo wa Pekee: Kazimoto wa Ukerewe na Wangari wa Ihithe

Utangulizi

Msafiri atokaye Karatina kuelekea Nanyuki hupita Chaka, mji mdogo wa soko uliokua kando ya barabara kuu, Mlima Kenya ukiwa upande wake wa mashariki na milima ya Nyandarua upande wa magharibi. Kwa sikio la Mswahili, chaka ni miti iliyosongamana, mahali pa mnyama kujifichia. Lakini katika mji kama huo yuko mtu mmoja asiyekuwa na pa kujificha, naye ni mwanachuo aliyerudi likizo. Wauzao viazi na vitunguu wanamjua mama yake. Wengine walichangia karo yake, na wengine wanakumbuka ni ng'ombe yupi aliyeuzwa ili yeye aende. Akifuga nywele, akikataa nyama, akikaa kimya mahali ambapo vijana wenzake wanacheka, au akiuliza swali ambalo wazee hawakuzoea kuulizwa, habari hufika nyumbani kabla yake.

Makala haya yanachunguza jinsi mwanachuo wa namna hiyo alivyochorwa katika vitabu viwili. Cha kwanza ni riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji, iliyochapishwa mwaka 1974. Cha pili ni tawasifu ya Wangari Maathai, Unbowed, ya mwaka 2006. Ingawa kitabu hiki cha pili kiliandikwa kwa Kiingereza, maisha yanayosimuliwa ndani yake yalianzia Ihithe, katika Nyeri, na suala linalozungumzwa ni lile lile: mtu aliyetumwa na jamii kwenda kusoma, akarudi akiwa tofauti na vile jamii ilivyotarajia. Mwanachuo wa pekee, katika makala haya, ni yule ambaye mwenendo wake, usemi wake au fikra zake zinawafanya wenzake wamcheke na wakubwa wake wamhofie.

Deni la msomi

Haiwezekani kuelewa kicheko hicho wala hofu hiyo bila kukumbuka msomi alikuwa nani katika Afrika ya Mashariki wakati wa uhuru. Chuo cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache sana. Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada; mtu huyo asiporudi na msaada, ni msaliti. Mwaka 1966 wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, zaidi ya 300 kati yao walifukuzwa chuoni. Huko Kenya nako, familia na vijiji vilichanga fedha ili vijana wapande ndege kwenda Marekani katika safari zilizoanza mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake.

Mfano wa Mwalimu una haki ndani yake, kwa maana chakula kilikuwa cha wote. Hata hivyo una pengo moja. Aliyetumwa anatarajiwa kurudi na kile alichoagizwa. Mfano huo hausemi lolote juu ya mjumbe anayerudi na kitu ambacho hakuna aliyekiagiza, labda swali, labda shaka, au labda jicho jipya la kutazamia mambo ya zamani. Vitabu hivi viwili vinaanzia katika pengo hilo.

Kazimoto na jina la kitabu

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kupata shahada yake ya kwanza Dar es Salaam mwaka 1970. Mhusika wake mkuu, Kazimoto, ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu mwenye asili ya kisiwa hicho hicho, naye ndiye anayesimulia hadithi. Msomaji anapokutana naye mwanzoni, yumo katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya akitafuta kazi ya likizo. Mkuu huyo ni Manase, mtu wanayefahamiana tangu utoto. Katika tukio hilo dogo mwandishi ameshaweka mbele ya msomaji njia mbili za usomi: Manase ameingia katika ofisi na cheo, na Kazimoto amebaki nje akitazama.

Jina la riwaya linastahili kuangaliwa kwa makini. Kichwamaji ni ugonjwa wa mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, na ugonjwa huo umo ndani ya hadithi. Lakini mitaani kichwamaji ni pia mtu asiyesikia, mtu ambaye akili zake zinadhaniwa kuwa zimevurugika. Kwa hiyo jina ambalo kijiji kingempa mwanachuo wa ajabu ndilo jina la kitabu kizima. Mtunzi ameitwaa dharau ya watu akaifanya kuwa picha: kizazi kilichojazwa elimu kichwani hata kiwiliwili kikashindwa kukibeba kichwa hicho. Picha hiyo haimhusu Kazimoto peke yake, kwa sababu mtoto mwenye kichwa kikubwa anazaliwa nyumbani kwa Manase, yule aliyefuata njia iliyonyooka. Hapa ndipo penye nguvu kubwa ya riwaya hii. Anayeonekana wa ajabu na anayeonekana wa kawaida wanaugua ugonjwa mmoja, ila mmoja wao tu ndiye anayejua kwamba anaumwa.

Wahakiki wengi wameihusisha riwaya hii na falsafa ya udhanaishi, na hawakukosea. Kazimoto anauliza kama Mungu yupo na kama maisha yana maana, na mwishowe anajiua. Lakini msomaji anayeishia katika falsafa anaweza kusahau jambo la kawaida zaidi, nalo ni upweke. Kazimoto hana mtu wa kuzungumza naye. Maswali anayoyabeba hayana nafasi katika mazungumzo ya kijiji, na kwa Manase yamekwisha kuuzwa kwa bei ya mshahara. Swali lisilopata wa kulipokea humgeukia mwenyewe. Kifo cha Kazimoto kinaweza kusomwa kama hitimisho la hoja ya kifalsafa, lakini kinaweza kusomwa pia kama matokeo ya mazungumzo ambayo hayakufanyika kamwe.

Wangari na kifungo

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940. Kwenda kwake shule kulitokana na swali la mtoto: kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao kwa nini Wangari naye haendi shuleni, na mama hakuona sababu ya kumzuia. Tawasifu inalisimulia jambo hili kwa maneno machache, na wepesi huo ndio unaolipa uzito. Nyumba ambayo mtoto anaweza kuuliza kwa nini, na mkubwa akakubali kwamba hana jibu, tayari ni nyumba tofauti na ofisi ya Manase.

Kutoka Ihithe alikwenda shule ya bweni ya St. Cecilia katika misheni ya Mathari, Nyeri. Huko mwanafunzi aliyesikika akizungumza lugha ya mama alivishwa kifungo, yaani beji waliyoiita monita, kilichotangaza upumbavu wake, na jioni aliyekutwa nacho alipewa adhabu ya kazi. Kiswahili kinatoa neno lenye maana mbili hapa, kwa kuwa kifungo ni kitu cha nguoni na ni adhabu ya gerezani pia. Jambo la kutafakari ni kwamba shule ile ilimfanya wa ajabu yule aliyebaki kama alivyozaliwa. Mtoto alionekana kituko kwa kuzungumza kama mama yake. Wangari anakiri kwamba walijifunza Kiingereza upesi na kwamba walijifunza pia kujidharau. Kukiri huko kunampa mamlaka ya kusema, maana haandiki kama mtu ambaye kifungo hakikumpata.

Baada ya Loreto, Limuru, alikwenda Marekani mwaka 1960 kusoma biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, jimbo la Kansas, alikohitimu mwaka 1964. Kisha akapata shahada ya pili Pittsburgh. Aliporudi mwaka 1966 aliacha jina la Mary Josephine na kujiita Wangari Muta. Alikuwa na barua ya kuajiriwa katika chuo kikuu Nairobi, lakini alipofika aliambiwa kwamba nafasi ile amepewa mtu mwingine. Alipata kazi kwa profesa mgeni kutoka Giessen, Ujerumani, katika idara ya anatomia ya wanyama, na huko kulikuwa na wanafunzi wa kiume waliokuwa na shaka kama mwanamke angeweza kuwafundisha. Mwaka 1971 alipata shahada ya udaktari.

Kiini cha kitabu kwa upande wa makala haya kiko katika kurudi kwake Ihithe. Utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni za mti wa mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Kando ya mti huo palikuwa na kijito, naye alizoea kucheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga zinazoweza kuvaliwa. Aliporudi na elimu yake alikuta mti umekatwa, na kijito kimekauka. Jirani aliona shamba lililopata nafasi zaidi. Wangari aliona mizizi iliyokuwa ikipenya mwamba na kuyavuta maji juu, na akatambua kwamba katazo la mama yake lilikuwa na elimu ndani yake. Alirudi na kitu ambacho hakuna aliyemwagiza akilete. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1977, kitu hicho kikawa Green Belt Movement, na mwaka 2004 kikamletea tuzo ya amani ya Nobel.

Gharama ya kuwa wa pekee

Ni rahisi kuhitimisha kwamba Kazimoto alishindwa na Wangari akashinda, na kwamba tofauti yao ni moyo tu. Hitimisho hilo linapotosha. Tawasifu imeandikwa na mtu wa miaka zaidi ya 60 anayejua mwisho wa safari. Kila kicheko alichochekwa kimekwisha kulipwa, na hivyo upekee wake unamfikia msomaji ukiwa umesafishwa na ushindi. Kezilahabi hakumpa Kazimoto fidia hiyo. Msomaji wa Unbowed anapaswa kujiuliza: kama tuzo isingekuja, je, kijiji kingekuwa na haki ya kumwita kichwamaji? Na kama jibu ni hapana, wako wapi wale ambao tuzo haikuwafikia?

Kwa upande mwingine, riwaya ya Kezilahabi nayo ina doa. Upekee wa Kazimoto unagharimiwa na wengine, hasa wanawake. Rukia, dada yake, anapewa mimba na Manase, na anakufa; mama yao naye anakufa. Kazimoto anataka kulipiza kisasi kupitia Sabina, dada wa Manase, ambaye baadaye anamwoa. Rukia hapewi nafasi ya kuwa wa ajabu, wala ya kuuliza kama maisha yana maana. Anakuwa sababu ya mawazo ya kaka yake. Riwaya inaonyesha unyama wa Manase waziwazi, lakini haiulizi ni nani anayeruhusiwa kufikiri. Kitabu cha Wangari, bila kukusudia, kinajibu ukimya huo: ni kana kwamba Rukia amesalimika, amekwenda shule, na amerudi kusimulia mwenyewe.

Ikumbukwe pia kwamba mwandishi wa Kichwamaji mwenyewe alionekana wa ajabu. Mwaka ule ule wa 1974 alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na watetezi wa mapokeo wakakataa kuyaita mashairi. Leo mashairi huru yanatungwa na kusomwa kote katika Kiswahili, na Kezilahabi, aliyefariki mwaka 2020, anahesabiwa miongoni mwa wajenzi wa fasihi hiyo. Lugha, kama kijiji, hucheka kwanza.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwanachuo atarudi, swali ni anakuta nini ngamani. Kazimoto alikuta ofisi yenye rafiki asiyetaka kusikia. Wangari alikuta kijito kilichokauka, lakini alikuwa na kumbukumbu ya mama aliyewahi kusema hapana sababu ya kumzuia. Tofauti kati ya vitabu hivi viwili iko zaidi kwa wanaopokea kuliko kwa wanaorudi.

Siku hizi Nyeri ina vyuo vikuu vyake. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilipata hati mwaka 2012 na cha Karatina mwaka 2013. Cha kwanza kimepewa jina la mtu ambaye hakuwahi kukaa katika darasa la chuo kikuu, na ambaye serikali ya wakati wake ilimwona mhalifu, ikamnyonga mwaka 1957. Jamii iliyoweza kulibandika jina hilo langoni inajua vizuri kwamba aliyekataliwa jana anaweza kuheshimiwa leo. Kazi iliyobaki ni ngumu zaidi, kwa sababu haingoji kifo wala tuzo. Ni kumsikiliza mwanachuo wa pekee akiwa bado kijana, akiwa bado anakosea, akiwa amesimama sokoni Chaka na swali ambalo hakuna aliyemtuma akalilete.