Kumaliza Alichokianza Baba

Ukipita mashamba ya Trans-Nzoia, kuanzia Kiminini hadi miguuni mwa milima ya Cherangany, hutakosa kuona Land Rover iliyosimamishwa juu ya mawe. Magurudumu yametolewa, boneti imefunikwa turubai, na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Mgeni huona chuma kuukuu. Mwenye gari huona kazi iliyosimama njiani, na ukimkalia atakueleza kwa mpangilio yaliyobaki: chesisi ichomelewe, milango inyooshwe, nyaya zivutwe upya, kisha litatembea.

Sababu ya magari haya kusimama inajulikana na kila nyumba ya huku. Mahindi hupandwa mvua za Machi na Aprili zinapoanza, na huvunwa kuanzia Oktoba. Pesa ya mavuno ikiingia, Januari nayo imefika, na Januari ni mwezi wa karo. Mwaka ambao mzee alikuwa anunue springi mpya ukawa mwaka wa kumpeleka mtoto wa kwanza kidato cha kwanza. Uliofuata ukawa wa mtoto wa pili. Baba hakuacha gari kwa uvivu wala kwa kusahau. Aliliweka kando ili watoto wasome, na watoto waliosoma kwa gari hilo kusimama wana deni ambalo hakuna aliyewahi kuwadai.

Ndivyo ilivyokuwa kwa familia moja ya Kibomet, pembezoni mwa mji wa Kitale. Baba yao ni mwalimu mstaafu, na mtaa mzima bado humwita Mwalimu. Alinunua Land Rover ya Series III ikiwa imekufa, akaifungua yote hadi chesisi ikabaki tupu, akaisafisha injini, akaitia ringi mpya za pistoni na gasketi, akaifunga kwa turubai na kuiweka stoo. Hapo karo ikaingia. Watoto wakawa watu wazima, wakapata mishahara, na injini ile bado ilikuwa imefungwa vilevile.

Kazi ya kuunganisha gari kutoka vipande si ngeni duniani wala hapa nyumbani. Waingereza walipenda sana magari yanayouzwa vipande, mnunuzi ajiunganishie mwenyewe uani kwake. Lotus Seven ya mwaka 1957 ndiyo iliyosifika kuliko yote, na sababu moja kubwa ilikuwa kodi: gari la vipande halikutozwa kodi ya ununuzi iliyotozwa gari zima, hadi Uingereza ilipobadilisha kodi hiyo mwaka 1973. Kenya nayo, katikati ya miaka ya 1970, ilijenga viwanda vya kuunganisha magari Nairobi, Thika na Mombasa. Vipande vilifika bandarini ndani ya masanduku, vikafunguliwa, vikafungwa kwa boliti na kuchomelewa na mikono ya Wakenya. Land Rover ziliunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland Kenya. Kwa hiyo Mwalimu alipolifungua gari lake lote, alilirudisha katika hali ambayo magari mengi ya aina yake yaliingia nayo nchini.

Na Land Rover ni gari linalokubali kufunguliwa. Lilipozinduliwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgao. Waundaji wakatumia aloi ya alumini kwa bodi, na chuma wakakiweka kwenye chesisi na ukuta unaotenganisha injini na dereva. Sehemu kubwa ya bodi hufungwa kwa boliti. Mtu mwenye spana, subira na daftari anaweza kulivunja na kulijenga tena bila kiwanda. Alichokosa Mwalimu ni mashine ya kuchomelea, na fedha za kumlipa anayeijua.

Watoto walipatana na mama yao. Mzee angekwenda Bungoma kumsaidia dada yake wakati wa mavuno, na akiwa huko chesisi ingepandishwa kwenye trela ya trekta na kupelekwa kwa fundi mjini. Fundi waliyemchagua ni mtu wa jua kali, mwenye kibanda cha mabati na sakafu ya udongo uliokolea oili. Nilikwenda kumtazama akifanya kazi hiyo, na ninaandika haya kwa sababu ya mikono yake.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa la nyundo. Alikwenda Kibomet, akaomba kuonyeshwa stoo. Humo alikuta mikebe ya Kimbo imepangwa kwenye rafu, kila mmoja una boliti na nati zake na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa ubao: mlango wa kushoto, breki za nyuma, bawaba za boneti. Kando yake palikuwa na daftari la shule lenye michoro ya kila kiungo, na mishale ya kuonyesha kipi kilitoka kabla ya kipi. Fundi aliketi juu ya gunia akasoma daftari lile kurasa zote.

Binti mkubwa, aliyekuwa na haraka kwa sababu likizo yake ilikuwa fupi, akamuuliza, “Fundi, si tuanze na chesisi tu?”

“Dada,” akamjibu, “hii kazi ina mwenyewe. Lazima nijue alikuwa anaenda wapi.”

Kisha akaanza na chesisi. Chesisi ya Land Rover ni mirija mipana ya mstatili iliyotengenezwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa, na kutu huila kutoka ndani, mahali ambapo maji na matope hukaa. Kwa nje rangi inaweza kuwa nzima kabisa huku ndani chuma kimebaki unga. Fundi hutambua kwa sikio. Hupita na nyundo ndogo, akigonga kila upana wa kiganja: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilichooza hutoa sauti butu. Kila palipokuwa butu alitia alama ya chaki. Alama zilijaa kwenye boriti ya nyuma, kwenye mikono inayoshika bodi, na karibu na vishikio vya springi. Ni sehemu zilezile ambazo Land Rover nyingi huozea.

Fundi mwenye pupa angechomelea bamba jipya juu ya lililooza, akapaka rangi, akapokea pesa. Bamba hilo huonekana imara kwa msimu mmoja, kisha chuma kilichoshikwa na weldi humomonyoka na bamba hubaki likining’inia. Huyu alikata hadi akafika kwenye chuma cheupe, hata pale ambapo kufanya hivyo kuliongeza tundu mara mbili. Kabla ya kukata alipima mishazari yote miwili ya chesisi kwa kamba ya kupimia, akaandika vipimo kwa chaki ukutani, kisha akafunga vyuma vya kuizuia isijipinde. Chesisi ikitoka mraba, milango haitafunga, magurudumu yatavuta upande mmoja, na hakuna rangi itakayoficha kosa hilo.

Kuchomelea kwenyewe alikufanya kwa vipande vifupi. Aliweka mshono mfupi upande wa kulia, akahamia kushoto, akaenda nyuma, akarudi mbele. Chuma kikipata moto mwingi mahali pamoja hutanuka, kikipoa hujikunja, na kipimo chote huharibika. Kati ya mshono na mshono aliweka mkono karibu na bamba kupima joto, akasubiri. Alipima mishazari tena katikati ya kazi, na tena mwishoni. Vipimo vya ukutani na vya chesisi vilipolingana, ndipo alipokaa kunywa chai.

Kazi iliyonifurahisha zaidi ilikuwa ya mabawa ya mbele. Moja lilikuwa limebonyea vibaya. Alumini ikipigwa au kukunjwa hukakamaa, na ukiendelea kuipiga ikiwa imekakamaa hupasuka. Inabidi ilainishwe kwa moto, lakini hapo pana hatari, kwa sababu alumini haionyi. Chuma huwa chekundu kabla ya kuyeyuka. Alumini hubaki na rangi yake mpaka, kwenye nyuzi kama 660 za Selsiasi, au chini yake kidogo ikiwa aloi, inaanguka chini ikiwa maji. Fundi alichukua kipande cha sabuni ya kufulia, akasugua sehemu yote iliyobonyea. Kisha akapitisha moto wa gesi taratibu, akiusogeza bila kusimama, macho yake kwenye sabuni. Sabuni ilipogeuka kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, akaondoa moto mara moja. Joto lilikuwa limetosha kuilainisha na lilikuwa bado mbali na kuiyeyusha.

Baada ya kupoa, bati lile lilikuwa laini. Akaliweka juu ya mfuko wa mchanga na kulipiga kwa nyundo ya mbao, mapigo mengi mepesi, akianzia ukingoni mwa bonyeo na kuingia katikati. Kila baada ya muda alipitisha faili juu yake: palipong’aa palikuwa pamepanda, palipobaki na giza palikuwa bado chini. Filla alitumia kidogo sana. Vijana wake wa kazi, wawili wanaojifunza, walikuwa wakitazama sabuni ileile aliyoitazama yeye. Hakuwapa hotuba. Aliwaachia bawa la pili, akasimama nyuma yao, na pale tu moto ulipokaa mahali pamoja ndipo alipogusa mkono wa kijana.

Alipofunga alumini kwenye chuma, aliweka utepe wa mpira na rangi katikati ya metali hizo mbili. Zikigusana penye unyevu, alumini hulika na kuacha unga mweupe, na Kitale, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, ina unyevu wa kutosha kwa miezi mingi ya mwaka. Kwenye nyaya, alizifuata rangi kama zilivyopangwa zamani: nyeusi ya kurudi kwenye bodi, kahawia yenye umeme wakati wote, nyeupe ya swichi ya kuwashia, buluu ya taa kubwa, nyekundu ya taa ndogo. Angeweza kutumia waya wa rangi yoyote uliokuwapo dukani na taa zingewaka. Lakini mtu atakayetafuta hitilafu baada ya miaka kumi, usiku, kwa tochi, atahitaji rangi zile zimwambie ukweli.

Binti akataka gari lipakwe rangi mpya na injini ifungwe kabisa, mzee akirudi akabidhiwe ufunguo. Fundi akakataa kwa upole. Injini, akasema, Mwalimu ameshaifanya mwenyewe, na kurasa za mwisho za daftari zinaonyesha alivyopanga kuirudisha: mpangilio wa moto 1-3-4-2, na nafasi ya tapeti robo milimita. “Hiyo ni yake. Na rangi ni ya mwenye gari.” Wakapaka praima tu.

Mwalimu aliporudi kutoka Bungoma alikuta gari limesimama kwa magurudumu yake uani, bila injini. Wanawe walimweleza. Aliwasikiliza, kisha akachukua nyundo, akalala chini na kugonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Alipotoka uvunguni aliuliza, “Nani alipima mishazari?” Wakamtaja fundi. Kesho yake alikwenda mjini kumpa mkono na kumshukuru. Injini aliifunga yeye, akisaidiwa na wanawe kuinyanyua, na tapeti alizirekebisha kwa mkono wake. Iliwaka baada ya kabureta kusafishwa mara ya pili.

Nchi yetu ina gari lake lililoachwa njiani. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ilionyeshwa hadharani. Yalitengenezwa magari matano, yakafikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa, lakini fedha za kuyatoa kwa wingi hazikupatikana. Huzungumzwa kama ushahidi kwamba hatuwezi. Mimi ninaona kwamba ujuzi ulikuwapo, na bado upo. Uko kwenye vibanda vya mabati vya Kitale, Bungoma na Webuye, kwa watu wanaojua joto la alumini kwa kutazama sabuni. Sheria hairuhusu gari lenye zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo Land Rover hizi za zamani ndizo tulizobaki nazo, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda hutoa mitihani ya ufundi kwa daraja, na vyuo vya Kitale na Sang’alo viko karibu. Vijana wa vibanda hivi wasaidiwe kufika huko na kupata vyeti vya kazi wanayoijua tayari, na walimu wa huko nao wafike vibandani wakatazame.

Nawe uliye Nairobi au ng’ambo, ambaye baba yako ana gari juu ya mawe, usingoje liwe jambo la kusimulia kwenye matanga. Zungumza na mama. Tafuta daftari. Mlipe fundi mwaminifu bei yake bila kumpunja, afanye ile kazi ambayo mzee hana mashine wala nguvu ya kuifanya. Ile anayoiweza, mwachie mwenyewe.