Usawa na Insafu: Neno Moja kwa Dhana Mbili

Miongoni mwa istilahi za nyaraka zetu za maendeleo, ni vigumu kuona iliyotwishwa mzigo mzito kuliko "usawa". Wafasiri hulitumia neno hili kwa dhana ya kuwapimia watu wote kipimo kimoja. Kisha, katika ukurasa uo huo, hulitumia kwa dhana ya kumpa kila mtu kwa kadiri ya upungufu alionao. Dhana hizi si pacha. Mara nyingi hugombana.

Tuchukue nafasi za kidato cha kwanza. Katika miaka ya 1970 nafasi hizo ziligawanywa kwa mafungu ya mikoa na wilaya, ili sehemu zilizochelewa kupata shule zisiachwe nyuma daima. Nchi ya Wanyakyusa haikuwa katika hizo: wamisionari wa Kimoravian na wa Kilutheri walikwisha kufika huko mwaka 1891. Basi mzazi wa Busale, katika Kyela, ambaye mwanawe angeachwa ilhali mtoto wa kwingineko mwenye alama chache amechukuliwa, angelalamika kwamba usawa umevunjwa. Ofisa elimu angemjibu kwamba mgawo ule ndio usawa wenyewe. Wote wawili wangekuwa wamesema Kiswahili sanifu, wala hakuna ambaye angemwelewa mwenziwe.

Katiba ya mwaka 1977 yakataza ubaguzi. Marekebisho ya mwaka 2000 yakaongeza kuwa hatua za makusudi za kurekebisha matatizo ya jamii zisihesabiwe kuwa ubaguzi. Kitu kipo, ila hakina jina.

"Haki sawa" haifai, kwani yaturudisha kwenye kipimo kimoja. "Uadilifu" ni sifa ya mtu kuliko ya mgawo. "Stahiki" yavutia, lakini mzazi wetu wa Busale angekuwa wa kwanza kulidaka: mwanangu alistahiki, tazameni alama zake! Labaki "insafu". Watakaolipinga watasema ni neno la vitabuni, na wajuao Kiarabu wataongeza kuwa shina lake lahusiana na nusu, yaani kugawa sawasawa. Hoja hii ya pili ina uzito. Hata hivyo istilahi huwekewa mpaka na matumizi, na neno lisilo na kazi nyingi mitaani ni jepesi kupewa kazi moja. Tuseme "mgawo wa insafu" na "sera ya insafu", na "usawa" tuuachie kipimo kimoja.